Bi Chupa Katika Darasa la Kaboni

Alikuwa ameshapanda ngazi za majengo mawili yasiyo yake, begi begani, mfuko wa nguo mkononi na barua ya kazini imebanwa kwa meno, alipoanza kuamini kwamba chuo hiki kilijengwa na mtu aliyegombana na wageni. Jengo la tatu halikuwa na kibao. La nne lilikuwa nacho, lakini kilimrudisha kwenye la tatu. Basi lilikuwa limemshusha muda si mrefu uliopita, baada ya safari iliyochukua saa sita, na kila aliyemwuliza njia alimnyooshea kidole upande wake kwa uhakika uleule. Ndivyo dunia ilivyo, ukiizunguka utaona: asiyeijua njia ndiye anayeielekeza kwa sauti.

Mwishowe pua ndiyo iliyompeleka. Kwenye korido ya chini ilipita harufu anayoijua, tamu na kali kwa pamoja, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi yakapakwa rangi ya kucha. Miaka kumi na minne alikuwa akiivuta harufu hiyo kila asubuhi. Akaifuata kama mtu anayefuata sauti ya nduguye sokoni, hadi kwenye mlango wa kijani uliokuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na watu kama thelathini wanaoandika, na mwanamke mwembamba mwenye chaki mkononi.

Yule mwanamke aligeuka, akaliona koti la kijivu la msafiri wetu, koti la watu wa usafi, lenye mifuko miwili mikubwa mbele.

"Mama, usafi ni baada ya saa kumi," akasema kwa upole.

"Mimi ni mwanafunzi."

Darasa likacheka. Si kicheko cha ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Akaitoa barua mdomoni, akaipangusa kwenye koti na kumpa Mwalimu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba koti jeupe aliloshonewa makusudi na wifi yake na kutumiwa kwa basi lilikuwa chini kabisa ya begi.

Barua ilikuwa fupi. Huko kwao alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya kupima maji ya mji. Chupa, bika, flaski, mabomba ya kioo, vyote vilipita mikononi mwake, na vilitoka vinang'aa hata wapimaji wakambatiza Bi Chupa. Sasa fundi mmoja wa vipimo alikuwa anastaafu. Mkuu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kuoshea, mikono mfukoni, akasema, "Bi Chupa, niletee cheti cha msingi wa kemia ya kaboni, nafasi ni yako." Maana fundi huyo ndiye anayetafuta mafuta na dawa za wadudu kwenye maji ya watu, na vitu hivyo vyote ni kaboni tupu. Kozi ni ya wiki sita. Likizo yake ya mwaka ilikuwa ya siku ishirini na nane. Nyingine alizipata kwa kubadilishana zamu na kuombaomba. Mitihani ni miwili, wa kuandika na wa mikono, na yote ni lazima ufaulu. Ukianguka mmoja, umeanguka.

Akaketi kwenye kiti cha nyuma pekee kilichobaki, kando ya mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Karibu," yule bwana akanong'ona. "Mimi hapa ni mara ya tatu. Wananiita Mkongwe. Kesho usikae karibu na dirisha, kuna jua linapiga kwenye ubao, huoni bondi."

"Bondi ni nini?"

Mkongwe akamtazama kwa huruma ya kweli. "Ooh, mama yangu," akasema.

Wiki ya kwanza ilimkuta akiwa na nia ya chuma na kalamu tatu. Mwalimu alifundisha kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Kaboni, alisema, ina mikono minne. Si mitatu, si mitano. Kila mkono, ambao ndio bondi, lazima ushike kitu: kaboni mwenzake, hidrojeni, oksijeni, chochote, lakini usibaki mkono unaning'inia. Hilo Bi Chupa alilielewa, na akajisikia vizuri kwa takriban robo saa.

Kisha Mwalimu akachora ubaoni mstari uliopindapinda kama meno ya msumeno, akaweka chaki chini.

"Hii ni heksani. Kaboni sita."

Bi Chupa akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Kaboni ziko wapi?"

"Kwenye kona, na kwenye ncha mbili."

"Hazijaandikwa."

"Hatuziandiki."

"Na hidrojeni?"

"Hizo hatuzichori kabisa. Zipo."

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

Bi Chupa alitazama ubao, akautazama tena. "Mwalimu, kazini kwetu chupa isiyoandikwa kitu inamwagwa."

"Hapa si kazini kwenu," Mwalimu akasema, bado kwa ule upole, akageukia ubao.

Mtu aliyejifunza lugha nyingi ukubwani anaijua adha hii. Si maneno yanayochosha, ni yale ambayo wenyeji hawayasemi kwa sababu kila mmoja wao anayajua. Wakemia ni wenyeji wa namna hiyo. Wanachora nusu ya kitu na kukuachia nusu nyingine uione kwa macho ya ndani, na usipoiona wanakushangaa. Bi Chupa alikuwa na macho mazuri ya nje. Aliona ukungu wa sabuni kwenye kioo ambao wengine waliuona baada ya kuvaa miwani. Macho ya ndani hakuwahi kudaiwa.

Jioni alirudi kwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyekuwa na chumba na sebule upande wa pili wa mji. Sebule ndiyo karakana. Bi Chupa alisomea kwenye kona ya meza ya kukatia, kati ya mikasi na mabaki ya vitambaa, akijenga molekuli kwa vifungo na pini.

"Hebu tuone," wifi akasema siku moja, mguu ukiendelea na cherehani. "Hiyo nyeusi ni nini?"

"Kaboni."

"Ina pini tano."

Bi Chupa akahesabu. Kweli, tano. "Huo mkono wa tano ni wa kufulia," akasema.

Wifi akacheka hadi uzi ukakatika. "Wifi yangu wewe! Kaka yangu kaoa mwanamke mwenye vichekesho. Sasa niambie ukweli, ukishinda huo mtihani, kuosha ataosha nani?"

"Mtu mwingine."

"Ataosha kama wewe?"

"Hataosha kama mimi," akasema Bi Chupa, na hakutania. Hilo lilimuuma kidogo, na alishangaa kwamba lilimuuma. Akaivunja kaboni yake na kuanza upya.

Wiki ya tatu wakaingia kwenye benzini, kaboni sita zilizoshikana kwa mzunguko. Mwalimu akachora umbo la pembe sita, akaweka mistari miwili hapa, mmoja pale, miwili, mmoja, akafunga duara. Halafu akasema kwamba mchoro huo si kweli. Bondi za mistari miwili haziko pale alipozichora. Haziko penginepo pia. Zimeenea kote sawasawa.

"Sasa kwa nini umezichora pale?" Bi Chupa akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupanda.

"Kwa sababu lazima nizichore mahali."

"Nimeacha watoto wawili kwa baba yao asiyejua kupika wali. Nakuja hapa kuambiwa kitu kiko mahali ambapo hakipo."

Darasa likacheka tena, na safari hii hata Mwalimu alitabasamu, jambo lililomuudhi Bi Chupa kuliko kicheko. Hakuwa amesema mzaha. Usiku ule aliandika ukurasa mzima wa maswali, kesho yake akaupeleka, na Mwalimu akayajibu yote kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mdogo, kila jibu likizaa maswali mawili.

Tumaini lake lilikuwa maabara. Huko, alijiambia, tutaonana. Na mwanzoni ilikuwa hivyo. Siku ya kwanza ya vitendo watu walishika flaski kama wanaoshika mtoto wa mwenzao, na tatu zikavunjika kabla ya saa sita. Bi Chupa aliunganisha mitambo ya vioo ya meza nne, akapaka mafuta kwenye maungio, akawaonyesha namna ya kubana bomba bila kuliua. Mkongwe alimwangalia kwa heshima mpya.

"Umejifunzia wapi?"

"Nimevifungua vyote hivi mara elfu. Kuvifunga ni kurudi nyuma tu."

Lakini siku ya pili Mwalimu alisimama nyuma yake. "Mama, kimiminika kilikuwa rangi gani ulipoongeza asidi?"

Bi Chupa akatazama mbele yake. Tyubu ilikuwa imeshaoshwa, imesuuzwa mara tatu, imesimamishwa kichwa chini kwenye kichanja.

"Ilikuwa… kama njano."

"Kama njano, au njano?"

Hakujua. Mikono ilikuwa imetangulia. Daftari lilikuwa tupu. Mwalimu akaandika sifuri ya siku hiyo, si kwa hasira, akasema, "Unaosha kabla hujaona. Andika kwanza."

Ikawa ndio wimbo wa wiki tatu zilizobaki. Andika kwanza. Alifunga uzi mwekundu wa wifi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ili kila mkono unapokwenda kwenye bomba la maji aone uzi na asimame. Ulisaidia siku mbili. Siku ya tatu mikono ilishauzoea uzi pia. Mazoea yana taabu, wanasema, na aliyesema hivyo hakuwa amewahi kuosha flaski mia mbili kwa siku kwa miaka kumi na minne. Mikono yake haikuwa mijinga. Ilikuwa na akili yake yenyewe, ya haraka, safi, ya kuaminika, na haikumsubiri yeye.

"Unajua tatizo lako?" Mkongwe alimwambia wakiwa wanakula chapati baridi kwenye ngazi. "Mimi kichwa kinajua, mikono haijui. Wewe mikono inajua kitu kingine kabisa. Wangetuchanganya wangepata mwanafunzi mmoja."

"Wangepata mnene anayeosha miwani," akajibu Bi Chupa.

Mtihani wa kuandika alifaulu. Hamsini na nne kwa mia, na alama ya kufaulu ni hamsini. Aliliangalia jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mpaka watu wa nyuma wakaanza kulalamika. Kona za msumeno, mikono minne, benzini isiyokuwepo mahali, vyote vilikuwa vimeingia, kwa kusukumwa, kama nguo kwenye begi dogo. Alimpigia mumewe simu, kisha akampigia mkuu wa maabara.

"Safi sana!" mkuu akasema. Alikuwa na haraka, kulisikika mlango unafungwa upande wake. "Maliza huo mwingine, tuonane."

Mwingine ulikuwa siku ya Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano. Kazi ilikuwa moja kwa wote: gramu mbili za asidi ya salisili, uigeuze iwe ile dawa ya maumivu inayouzwa kila duka, uisafishe, uikaushe, uipime, na uoneshe inayeyuka kwenye joto gani. Safi huyeyuka karibu na nyuzi mia na thelathini na tano. Chafu huyeyuka mapema na kwa kusuasua.

"Tunatengeneza dawa ya kichwa kwa njia ya kuumwa kichwa," Mkongwe akasema, na Mwalimu akamwambia anyamaze.

Bi Chupa alianza vizuri. Alianza vizuri, kwa kweli, kuliko mtu yeyote chumbani. Alipima unga mweupe, akaandika. Akaongeza anhidridi, kimiminika kinachowasha macho, na matone matano ya asidi kali, akaandika. Akaiweka flaski kwenye maji ya moto dakika kumi na tano, akaandika mara nne, hata pale ambapo hapakuwa na la kuandika isipokuwa "bado angavu." Akamimina maji baridi, akaweka kwenye barafu, na fuwele zikashuka kama mvua ya chumvi. Alizichuja. Zilikuwa nyingi. Mwalimu alipopita aliinama kuzitazama na akaendelea bila kusema neno, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa sifa.

Ikabaki kusafisha. Unaziyeyusha fuwele zako chafu kwenye alkoholi kidogo ya moto na maji, zinapotea kabisa, kisha unaacha kimiminika kipoe polepole, nazo zinarudi zikiwa safi, uchafu ukibaki kwenye maji. Aliziyeyusha. Flaski ilikuwa na kimiminika kisicho na rangi, kinachoonekana kama maji ya bomba. Beseni la barafu la meza ile lilikuwa kando ya sinki. Akaiweka flaski pembeni mwa beseni ipoe kwanza, kama alivyofundishwa, isishtuke. Hakuiandika lebo. Ilikuwa yake peke yake, mezani hapakuwa na nyingine.

Kungoja ndiko kulikomponza. Dakika ishirini za kungoja, na kwenye sinki kulikuwa na bika tatu, chupa ya koni, tyubu, kijiti cha kioo na faneli ya kuchujia. Akili yake ilikuwa mbali, kwenye karatasi ya ukutani ya wiki ijayo, kwenye koti jeupe, kwenye sura ya mumewe. Mikono ikafungua bomba. Bika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Koni. Kijiti. Kazini kwao flaski yenye kimiminika angavu, isiyo na lebo, imesimama kando ya sinki, ni flaski iliyolowekwa. Unaimwaga, unasugua, unasuuza mara tatu, unaigeuza kichwa chini.

Alipoigeuza kichwa chini ndipo alipoiona.

Alisimama na mkono bado umeishika flaski kwenye kichanja. Ilikuwa safi sana. Tone moja lilishuka kwenye shingo yake, likadondoka. Akainama kwenye sinki, akaingiza vidole kwenye tundu la maji kana kwamba angeweza kuzirudisha fuwele zake, akatoa vidole vimelowa, vinanuka alkoholi.

"Vipi?" Mkongwe akanong'ona kutoka meza ya jirani.

"Nimeosha."

"Umeosha nini?"

"Nimeosha zote."

Mkongwe akafumba macho. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tano. Bi Chupa akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa zaidi ya nyingine: saa nne na dakika tano, nimemwaga zao langu lote kwenye sinki. Kisha akainua mkono, akamwambia Mwalimu.

Mwalimu alisoma sentensi ile, akavua miwani, akaivaa. "Maji yakimwagika…" akaanza, akajizuia. "Una dakika hamsini na tano. Unaruhusiwa kuanza upya. Zao la pili ndilo nitakalolipima."

"Dakika hamsini na tano zinatosha?"

"Kulitengeneza, ndiyo. Kulisafisha, hapana."

Alipokwenda kupima unga upya, Mkongwe alikuwa pale kwenye mizani, mgongo ameuelekeza kwa Mwalimu. Kwenye kiganja alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa.

"Chukua. Zangu ni nyingi, na ni safi, sijui imekuwaje lakini ni safi. Nusu gramu tu. Haitajulikana."

Bi Chupa akakitazama kikaratasi. Mbele yake kulikuwa na cheti, nafasi, koti, na kila jibu la wino mwekundu. Na mtu huyu, aliyekuja mara ya tatu, alikuwa tayari kuvihatarisha vyake kwa ajili yake. Akufaaye kwa dhiki.

"Kitunze, ndugu yangu."

"Acha kiburi."

"Si kiburi. Nikichukua, Jumatatu naketi mbele ya kipimo cha maji ya mji mzima. Nikiona kitu chupani, nitakuwa nimekiona mimi au utakuwa umekiona wewe?" Akafungua chupa ya unga. "Toka hapa kabla hajageuka. Unaniharibia uzito."

Akafanya haraka, kwa mara ya kwanza maishani mwake akifanya haraka kwa makusudi. Moto ulikuwa mwingi mno, barafu ilikuwa imebaki maji nusu. Fuwele zilishuka, lakini zilikuwa unga laini, kama zilizoogopa. Alizichuja zikiwa bado nyevu, akazibana kati ya karatasi, akazibana tena. Saa tano kasoro dakika tatu alizipeleka kwenye meza ya mbele.

Mwalimu alipima mwenyewe. Chembe moja ndani ya bomba jembamba la kioo, joto likipanda polepole, wote wawili wakiinama juu ya lenzi, vichwa vikikaribia kugusana. Kwenye mia na kumi na saba ilianza kulegea. Ikaendelea kulegea, kwa uvivu, hadi mia na ishirini na nane. Kisha tone la kloridi ya chuma kwenye kipande kingine, na rangi ya zambarau ikapanda, nzito, isiyohitaji macho ya ndani. Asidi ya mwanzo ilikuwa bado imo, imejaa.

"Zambarau," Bi Chupa akasema. "Si kama zambarau. Zambarau."

"Ndiyo."

"Nimeanguka."

"Zao lina alama sitini kati ya mia. Siwezi kukupa hata kumi. Utaratibu wako wa kwanza nimekupa zote arobaini, ulikuwa mzuri kuliko wa darasa hili lote. Arobaini na saba." Mwalimu akazima joto. "Ningekuwa na njia ningeitumia. Sina."

"Sijakuomba njia."

Akatoka koridoni na simu. Mkuu wa maabara alipokea kwenye mlio wa saba.

"Bosi, nimeanguka ule wa mikono. Kwa alama tatu. Nilimwaga… haidhuru nilichofanya. Nataka kukuomba, ile nafasi usiitangaze kwanza, kuna kundi la jioni linaanza miezi miwili ijayo, nita…"

"Ah, Bi Chupa, pole." Sauti ilikuwa ya mtu anayetafuta mahali pa kuiweka simu. "Tangazo lilishatoka. Tangu wiki juzi. Makao makuu ndio walitaka, wana watu wao. Nilidhani nilikuambia."

"Wiki juzi."

"Ndiyo. Lakini hukupoteza, elimu ni elimu. Jumatatu upo, siyo? Vyombo vimejaa hapa, yule wa muda hajui hata kusuuza."

Bi Chupa akaangalia ukuta. Wiki juzi alikuwa bado ndani ya jengo hili akigombana na benzini. Wiki juzi alikuwa hajaanguka chochote. Angeweza kuzipata fuwele kama za theluji, zikayeyuka kwenye mia na thelathini na tano bila kusita, na angefika kwao na kukuta mtu wa makao makuu amekalia kiti.

"Jumatatu nipo," akasema, akakata.

Alikaa kwenye benchi ya koridoni mpaka vidole vikaacha kunuka. Alifikiria kulia, akaona hana hamu nako. Alichokuwa nacho ni hasira kavu, isiyo na mtu mmoja wa kuimwagia: si Mwalimu, aliyekuwa wa haki hadi kukera, si mikono, na bosi alikuwa mbali. Na chini ya hasira hiyo, kama mchanga chini ya maji, swali moja lilikuwa limekaa na halikutaka kuondoka. Zile fuwele za kwanza zilipotea kabisa kwenye alkoholi ya moto. Zilikuwa zinarudije? Zilijuaje kujipanga upya bila uchafu? Alikuwa amebakiza dakika ishirini kuliona jambo hilo kwa macho yake, na aliligeuza kichwa chini.

Akarudi ndani. Mwalimu alikuwa bado mezani, akipanga vibomba vya watu.

"Niandike kundi la jioni."

Mwalimu akainua uso. "Utatoka kazini saa ngapi? Unakaa mbali, si saa sita kwa basi?"

"Saa sita."

"Likizo?"

"Sina."

"Nafasi ya kazi bado ipo?"

"Haipo. Haikuwepo."

"Sasa utakujaje, na kwa ajili ya nini?"

"Nitakujaje sijui. Niandike kwanza." Aliivuta kalamu nyekundu iliyokuwa mezani, akaisogeza mbele ya Mwalimu. "Na usitabasamu tafadhali. Usifikiri nimefurahi. Nimechoka, nimeonewa, na kuna kitu hapo kwenye flaski sijakiona, basi."

Mwalimu hakutabasamu. Alivuta daftari la majina, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika, namba moja. Bi Chupa alisubiri hadi wino ukauke, akasoma ili ahakikishe, akachukua begi lake. Mlangoni Mkongwe alitaka kusema kitu. Bi Chupa akampiga kofi dogo begani, akampita. Visigino vyake vilisikika koridoni, vya haraka, vya mtu anayeliwahi basi la saa saba, kisha mlango wa nje ukajifunga.

Maabara ikabaki na mlio wa feni na ile harufu. Mkongwe alikuwa bado amesimama, miwani imeteremka puani, kikaratasi chake kimekunjwa ngumini.

"Atakuja, Mwalimu?"

"Sijui." Mwalimu akaweka bomba jipya jembamba chini ya lenzi na kuwasha joto. "Meza namba tisa. Lete zao lako, tuone na wewe mara hii umefanya nini."

Mkongwe akavuta pumzi, akasogea mbele.